Tundu la kujipandisha ruhusa kwenye PostgreSQL 14.10, niweke kiraka sasa hivi au nisubiri?

mshika_seva ameandika:

Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie mawazo maana nimebanwa kwelikweli. Nasimamia seva moja ya PostgreSQL toleo 14.10, inabeba databesi za programu tatu tofauti, kila programu ina yuza wake, na juu ya hapo kuna watu wawili wa ripoti ambao nao wana yuza zao na wanaruhusiwa kutengeneza viu zao wenyewe (maswali ya SQL yaliyohifadhiwa kwa jina). Juzi tukapitisha skani ya usalama ikaibuka na CVE-2024-0985 (CVE ni namba ya utambulisho ya tundu la usalama), imepewa alama 8.0 kati ya 10, na maelezo yake yanasema mtu mwenye yuza wa kawaida kabisa anaweza kuendesha SQL yake kwa ruhusa za yule anayeendesha REFRESH MATERIALIZED VIEW CONCURRENTLY (amri ya kusasisha viu ambayo matokeo yake yanahifadhiwa kwenye diski). Kiraka kipo kuanzia 14.11, kilitoka tarehe 8 Februari 2024, yaani sisi tumelala muda mrefu tu.

Mkuu wangu wa kitengo anasema huyo mshambuliaji lazima awe na yuza kwanza, na yuza wote ni watu wetu, kwahiyo hakuna haraka, tutamalizia humohumo siku tukihamia toleo kubwa jipya. Mimi moyo hautulii, kwa sababu tuna skripti ya kron inayokimbia kila usiku, inaingia kama postgres (supayuza, yaani yuza mwenye ruhusa zote) alafu inazungukia mativiu zote (zile viu ambazo matokeo yake yanahifadhiwa kwenye diski) na kuzirifreshi moja moja. Niliikuta hivihivi kabla sijakabidhiwa seva:

`psql -U postgres -d ripoti -Atc "SELECT format('REFRESH MATERIALIZED VIEW CONCURRENTLY %I.%I;', schemaname, matviewname) FROM pg_matviews" | psql -U postgres -d ripoti`

Kwahiyo naomba kujua, je hoja ya mkuu ina mashiko? Na kuweka kiraka kunahitaji nitoe data yote nje na kuirudisha upya, maana databesi ya ripoti peke yake ni kubwa na kuirudisha ni kazi ya siku nzima? Tuna replika moja (seva ya nakala inayoifuata seva kuu), naanza na ipi? Na kama nikinyimwa muda wa kuzima seva wiki hii, kuna kitu naweza kufanya leoleo kupunguza hatari?

---

bi_jedwali:

Mkuu pole, ila umefanya vizuri kuiweka hiyo skripti hapa kwa sababu jibu lote limo ndani yake.

Lile tundu linafanya kazi hivi. Ukirifreshi mativiu ya mtu mwingine, PostgreSQL inatakiwa ivue kwanza ruhusa zako na kuvaa za mwenye mativiu, ndo iendeshe kweri (swali la SQL) na funksheni zake, ili hata kama mwenye mativiu ameficha kitu kibaya humo ndani kiishie kwenye ruhusa zake yeye. Kwenye njia ya CONCURRENTLY kuvua kwenyewe kulikuwa kunachelewa. Kuna jedwali la muda ambalo amri inalitengeneza kwa kazi yake ya ndani, na mshambuliaji alikuwa anaweza kuandaa funksheni inayotumia CREATE RULE (amri ya kuweka rule, kanuni inayobadilisha kweri) kuligeuza lile jedwali kuwa viu, na hapo kodi yake inakimbia kwa jina la aliyeita amri. Sasa aliyeita amri kwenye skripti yako ni nani? Ni postgres, supayuza.

Na angalia lile sharti linalofanya watu wajione salama. Maelezo ya tundu yanasema mshambuliaji lazima amshawishi mwathirika aendeshe REFRESH kwenye mativiu yake. Mahali pengine hiyo ingekuwa kazi ngumu, ingebidi ampigie msimamizi simu amdanganye. Kwako wewe hahitaji kumshawishi mtu yeyote, kwa sababu kron inasoma pg_matviews yote kila usiku na kurifreshi chochote inachokikuta, awe ametengeneza nani. Anatengeneza mativiu yake mchana na indeksi yake ya kipekee, maana CONCURRENTLY inaidai, alafu anakwenda kulala. Asubuhi ni supayuza.

Kuhusu "yuza wote ni watu wetu", naomba umweleze mkuu wako kwa heshima kwamba yuza wa programu sio mtu. Ni paswadi iliyokaa kwenye faili la konfigi la programu, na kila mtu duniani anayeweza kuifikia ile programu anaongea na databesi kupitia yule yuza. Ikipatikana sehemu moja tu kwenye programu inayounganisha maandishi ya mteja moja kwa moja kwenye kweri, mtu wa nje tayari amevaa nguo za yuza wa programu, na yule yuza ndo mwenye majedwali, kwahiyo kutengeneza mativiu hakumshindi. Bila tundu la kujipandisha angeishia kwenye data ya programu moja, ambayo tayari ni hasara kubwa. Akiwa nalo anapata databesi zote tatu, na hata hapo hajafika mwisho, kwa sababu supayuza wa PostgreSQL ana `COPY ... FROM PROGRAM`, yaani anaendesha amri za mfumo wa uendeshaji kama yuza postgres wa seva yenyewe. Kutoka hapo ni funguo za bakapu, ni paswadi za replika, ni kila kitu yuza huyo anachoweza kusoma.

Kwahiyo leo, kabla hata ya kikao cha kuomba muda, zima hiyo kron. Ripoti zikikaa na data ya jana kwa siku mbili tatu hakuna atakayeumia. Kama kuna mativiu ambayo lazima irifreshiwe, ingia kama mwenye mativiu mwenyewe uiite, hapo hata ikiwa na sumu inakunywa mwenye nayo.

---

nyuzi_tano:

Dada hapo juu kamaliza upande wa hatari, mimi niongee upande wa kuweka kiraka maana nimefanya hii kazi mara nyingi na watu huwa wanaiogopa kuliko inavyostahili.

Kutoka 14.10 kwenda 14 yoyote ya mbele ni toleo dogo. Mpangilio wa faili za data haubadiliki, hutoi data nje, huhitaji pg_upgrade (zana ya kuhamia toleo kubwa), unabadilisha binari alafu unaristati basi. Na usiende 14.11, nenda toleo la mwisho la 14 lililopo siku hiyo, kwa sababu viraka vinajumlishwa, toleo la mwisho lina vya nyuma vyote. Kabla ya kugusa soma maelezo ya kila toleo utakaloruka, ile sehemu ya juu kabisa inayosema kuhusu kuhama, kwa sababu mara mojamoja wanaandika kwamba indeksi za aina fulani zijengwe upya baada ya kuweka kiraka.

Mpangilio ni replika kwanza. Sababu ni kwamba toleo dogo jipya lina uwezekano mkubwa wa kusoma WAL (kumbukumbu ya mabadiliko yote ya data) iliyoandikwa na toleo la nyuma yake kuliko kinyume chake, na hata nyaraka za PostgreSQL zenyewe zinashauri hivyo. Unaapdeti replika, unaiacha ikimbie, unaangalia logi zake, unaangalia `pg_stat_replication` kwenye seva kuu kama imeshika kasi, ndo unahamia seva kuu. Ukitaka unaweza hata kuipandisha replika iwe kuu, ila kwa ristati ya toleo dogo mimi sioni haja.

Sasa muda wa kuzima. Watu wanaomba masaa mawili kwa kazi ya sekunde kwa sababu hawajajiandaa. Fanya hivi, nusu saa kabla angalia `pg_stat_activity` kama kuna tranzaksheni iliyoachwa wazi tangu asubuhi, zungumza na mwenye nayo. Dakika moja kabla ya kuzima endesha `CHECKPOINT;` kwa mkono, kwa sababu seva ikizimwa lazima iandike kwenye diski kurasa zote chafu zilizoko kwenye kumbukumbu, na ukiwa umeshaziandika kabla, ile ya mwisho inakuwa fupi. Alafu zima kwa `-m fast`, inakata koneksheni na kurudisha nyuma tranzaksheni ambazo hazijaisha. Usizime kwa smart, itakaa inasubiri kila mteja aondoke mwenyewe na hawataondoka, na usizime kwa immediate, hiyo ni sawa na kuchomoa umeme, ikiwaka itaanza kujirekebisha kwa kusoma WAL na ndo utachelewa zaidi. Kama mbele ya seva una PgBouncer (kipatanishi cha koneksheni kati ya programu na databesi), unaita PAUSE, unaristati, unaita RESUME, programu zinaona tu kweri imechelewa kidogo na hazipati kosa lolote.

Na kitu kimoja naomba usikisahau, ukimaliza usiamini meneja wa vifurushi. Niliwahi kuitwa sehemu wanasema wameshaweka kiraka lakini skani bado inalia, wakaanza kuilaumu skani. Walikuwa wanatumia kontena. Walivuta imeji mpya kweli, ukiorodhesha imeji unaiona ipo pale na tarehe yake mpya, ila hakuna aliyelitengeneza upya kontena lenyewe, lile la zamani lilikuwa linaendelea kukimbia na binari zilezile za miezi kumi nyuma. Tuliingia na psql tukaandika mistari miwili:

`SHOW server_version;`
`SELECT pg_postmaster_start_time();`

Wa kwanza ukajibu toleo la zamani, wa pili ukaonyesha seva haijawahi kuzimwa tangu mwaka uliopita. Hapo mjadala ukaisha. Kiraka kilicholala kwenye diski hakimlindi mtu, mpaka prosesi iliyoko kwenye kumbukumbu iwe ndo hiyo mpya.

Kwa walio kwenye kontena kuna mtego wa pili. Ukiandika lebo ya toleo tu bila kutaja mfumo wa chini yake, siku unavuta toleo dogo jipya unaweza kubadilishiwa na Debian ya chini pia, glibc (maktaba ya mfumo inayopanga herufi) inabadilika, mpangilio wa herufi unabadilika, na indeksi za maandishi zilizojengwa kwa mpangilio wa zamani zinaanza kutoa majibu yasiyo sahihi kimyakimya. Taja vyote viwili kwenye lebo. Kuhama mfumo ni kazi nyingine ya siku nyingine, na siku hiyo unapanga na REINDEX (kujenga indeksi upya).

---

mwana_kweri:

Nashukuru sana kwa huu uzi, mimi bado najifunza ila nina wazo kuhusu ile kron. Kwani si anaweza kuacha skripti iendelee kuingia kama postgres, ila kabla ya kila REFRESH aweke `SET ROLE` ya mwenye mativiu? Hivyo ruhusa zinashuka na skripti inabaki moja, hatahitaji paswadi za kila yuza.

Na swali la pili, sisi tuko 12.9 na hatuna mativiu hata moja, kwahiyo hili halituhusu si ndio?

---

bi_jedwali:

Mwana_kweri wazo lako wengi wanalo na linaonekana salama kabisa, ila halipo salama, ngoja nieleze kwa sababu hapa ndo watu wanaumia. Ukiingia kama postgres alafu ukaita SET ROLE, kikao bado ni cha postgres. Umevaa koti la mtu mwingine tu. Kodi yoyote ya mwenye mativiu itakayofanikiwa kukimbia nje ya ule uzio wa usalama inaweza kuita `RESET ROLE` na koti linavuka, unabaki supayuza tena. Uzio ukiwa mzima unazuia hilo, lakini tunaongelea tundu ambalo kosa lake ni kwamba uzio umechelewa kufungwa. Njia ya kweli ni kikao kianze kikiwa cha mwenye mativiu tangu mlangoni, yaani psql iingie kwa jina lake. Kuhusu paswadi, hapohapo kwenye seva unaweza kutumia peer (kuingia kwa kutambuliwa na yuza wa mfumo wa uendeshaji, bila paswadi) na faili la pg_ident kuruhusu yuza wa mfumo anayeendesha kron aingie kama yuza hao wawili watatu tu na sio kama postgres, hakuna paswadi inayoandikwa popote.

Swali lako la pili ndo limenishtua zaidi. Hamna mativiu sawa, ila 12.9 ina tundu lingine, CVE-2022-1552, lililozibwa Mei 2022 kwenye 12.11, 13.7, 14.3 na wenzake. Na hilo baya lake ni kwamba mmojawapo wa waliohusika ni autovacuum. Yaani mtu ana jedwali lake, anaweka indeksi ambayo ndani yake inaita funksheni aliyoiandika yeye, alafu autovacuum ikija yenyewe kufanya usafi na kukusanya takwimu, inagusa ile funksheni ikiwa na ruhusa za supayuza. Hakuna kron, hakuna msimamizi, hakuna aliyebonyeza kitu. Lilikuwa na ndugu yake wa Novemba 2020, CVE-2020-25695, ambalo kwa 12 lilizibwa kwenye 12.5, hilo nyinyi mmelipita. Wakati ule ushauri wa muda kwa asiyeweza kuweka kiraka ulikuwa ni kuzima autovacuum, na kila anayeijua PostgreSQL anajua kuzima autovacuum kwenye databesi yenye shughuli nyingi ni kujinunulia ugonjwa mwingine, kwahiyo kiraka ndo kilikuwa suluhisho la kweli.

Na zaidi ya hapo, 12 imeshafungwa. Toleo lake la mwisho ni 12.22 la Novemba 2024. Nenda 12.22 wiki hii kwa sababu ni ristati tu, alafu panga kuhamia toleo kubwa linaloungwa mkono kwa pg_upgrade. Msikae 12 mkisubiri.

---

kisima_kirefu:

Naunga mkono kila kilichosemwa, ila naomba niongeze tahadhari ili mshika_seva asije akavunja mambo na mkuu wake akapata sababu ya kukataa viraka maisha yote. Tarehe 14 Novemba 2024 yalitoka matoleo ya viraka, kwa 14 ilikuwa 14.14. Yaliziba matundu kadhaa, lakini muundo mmoja wa ndani ulibadilika ukubwa na ekstensheni zilizokuwa zimejengwa dhidi ya toleo la nyuma zikaanza kuleta matatizo, TimescaleDB ikiwemo, na pia mpangilio wa `ALTER ROLE ... SET ROLE` ukaacha kufanya kazi. Wiki moja baadaye, tarehe 21, ikatoka 14.15 kurekebisha. Kwahiyo ruka 14.14, na uwe na seva ya majaribio yenye ekstensheni zilezile za prodakshini. Mimi huwa naweka kwenye majaribio siku kiraka kinapotoka, naiacha ikimbie kweri zetu siku tatu nne, ndo napanda. Tundu la kujipandisha ruhusa silipi zaidi ya wiki.

Kitu kingine ambacho hamjakigusa ni bakapu. Mshika_seva, nahisi pg_dump yako pia inaingia kama postgres. CVE-2024-7348 ilikuwa humohumo, wakati pg_dump inaendelea mtu mwenye ruhusa ya kutengeneza vitu anawahi kubadilisha kitu kama sikwensi na kuweka viu au jedwali la nje lenye jina lilelile, pg_dump inakuja kuisoma na kuendesha kodi yake kwa ruhusa za anayefanya bakapu. Ilizibwa Agosti 2024, kwa 14 ni 14.13. Ila ulinzi wake unafanya kazi pale tu seva na pg_dump zote mbili zikiwa mpya, kwahiyo kama bakapu inafanyika kutoka kwenye mashine nyingine yenye pg_dump ya zamani, ukiapdeti seva peke yake umefunga mlango nusu. Na kwa kuwa uko 14, tengeneza yuza wa bakapu umpe `pg_read_all_data`, hiyo ilianza kwenye 14, inasoma majedwali, viu na sikwensi zote bila kuwa supayuza. Jaribu kurudisha bakapu yake mahali pa pembeni kabla hujaizima ile ya zamani.

---

nyuzi_tano:

Hiyo ya pg_dump kwenye mashine ya pembeni nilikuwa siifikirii, nakwenda kuangalia kwetu sasa hivi. Asante sana kaka.

---

mshika_seva:

Wakuu nimerudi na mrejesho, na nawashukuru kutoka moyoni.

Kron nilizima siku ileile. Kwa mkuu sikuenda na makala ndefu, nilitengeneza seva ya majaribio 14.10, nikaingia kama yuza wa ripoti nikaweka mativiu yangu, nikaiacha skripti ileile izunguke, alafu nikamwonyesha kwenye logi kwamba postgres ameirifreshi bila kuuliza ni ya nani. Sikuhitaji hata kuonyesha shambulio lenyewe. Aliangalia mstari wa logi, akauliza "kwahiyo inarifreshi chochote?", nikamwambia chochote, akaniruhusu nianze usiku uleule.

Replika kwanza kama mlivyosema, ikakaa siku nzima bila tatizo. Seva kuu nikaita CHECKPOINT, nikapause PgBouncer, nikazima kwa fast, nikawasha, nikaresume. Kwa saa ya logi ni sekunde 11, na hakuna programu hata moja iliyoandika kosa. Niliangalia server_version na muda wa kuanza, vyote vipya.

Baada ya hapo nikaendelea kukagua, na hapa ndo nilishtuka. `SELECT rolname FROM pg_roles WHERE rolsuper;` ilileta watatu na mimi nilikuwa namjua mmoja. Wa pili ni wa zana ya migresheni (ya kubadilisha muundo wa databesi), mtu alimpa usupayuza siku migresheni ilipogoma na hakuurudisha. Wa tatu alikuwa wa mtu aliyeshaondoka kitambo. Yaani nimehangaika na tundu la kwenye programu wakati kulikuwa na milango miwili iliyofunguliwa kwa mkono. Nimewavua wote wawili.

Alafu nikafunga skima ya public (sehemu ya pamoja ya kuwekea vitu ndani ya databesi), `REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC;`, kwa sababu kwenye 14 kila yuza bado anaruhusiwa kutengeneza vitu humo. Asubuhi programu moja ikashindwa kupandisha toleo lake jipya, logi inasema `permission denied for schema public`. Ilikuwa ni migresheni yao inatengeneza jedwali. Nikampa CREATE yule yuza wa migresheni peke yake, yuza wa programu anayeongea na wateja amebaki bila, na mambo yakaenda.

Nimebaki na swali moja linaloniuma. Kwa muda wote tuliokaa 14.10, nitajuaje kama kuna aliyeshalitumia hili tundu kabla yetu? Kiraka hakimtoi mtu aliyekwisha kuingia.

---

bi_jedwali:

Hongera sana mkuu, na hilo swali la mwisho wengi hawaliulizi wakishaona namba mpya ya toleo.

Uhakika wa asilimia mia hutaupata kama logi za DDL (amri za kutengeneza au kubadilisha vitu vya databesi) hazikuwa zimewashwa, ila kuna mahali pa kuangalia. Anayepata usupayuza kwa dakika chache huwa anaacha mlango wa kurudia. Angalia kwanza uanachama, `pg_auth_members`, nani amepewa `pg_execute_server_program`, `pg_write_server_files` au `pg_read_server_files`, hao watatu ni sawa na supayuza hata kama safu ya rolsuper inasema hapana. Angalia nani ana CREATEROLE (ruhusa ya kutengeneza yuza), kwa sababu kabla ya toleo 16 mwenye CREATEROLE alikuwa anaweza kujipa mwenyewe uanachama wa hizo hizo, bila tundu lolote, ndivyo ilivyokuwa imetengenezwa. Nenda kwenye `pg_proc` utafute funksheni za SECURITY DEFINER (zinazokimbia kwa ruhusa za mwenye nazo) zinazomilikiwa na supayuza ambazo hazikuja na ekstensheni, na zile halali ambazo hazijafungwa `search_path` (orodha ya skima za kutafutia majina) zifunge, maana hiyo ni njia nyingine ya kujipandisha iliyoandikwa tangu CVE-2007-2138. Angalia `pg_event_trigger`, angalia ekstensheni za lugha kama plpython3u ambazo hukuziweka wewe, alafu toka nje ya databesi ukaangalie crontab ya yuza postgres, authorized_keys zake, na tarehe za kubadilishwa kwa pg_hba.conf na postgresql.auto.conf.

Na orodhesha mativiu na rules kwa wenye nazo. Rule yoyote ambayo sio ile `_RETURN` ya viu, muulize mwenye nayo ni ya nini. Watu wa ripoti hawaandikagi rules.

---

mshika_seva:

Nimepitia. Uanachama ni safi, CREATEROLE alikuwa nayo yule wa zana ya migresheni nimemtoa, event trigger hakuna, authorized_keys ya postgres ni tupu. Rules nimekuta moja ambayo sio ya viu, iko kwenye jedwali la kumbukumbu za zamani, inageuza DELETE iwe hakuna kitu, na aliyeiandika yupo nimemuuliza amekiri aliiweka ili watu wasifute rekodi kwa bahati mbaya. Nimeielewa na nimeiandika kwenye daftari letu.

Paswadi za yuza wote wa programu nimebadilisha usiku huu, na `log_statement = 'ddl'` nimewasha, kumbe haihitaji hata ristati, `SELECT pg_reload_conf();` inatosha. Kron mpya inaingia kwa majina ya wenye mativiu, na orodha ya mativiu imeandikwa kwa mkono ndani ya skripti. Akiongeza mtu mativiu mpya itabidi aje aniambie.

---

mwana_kweri:

Na sisi jana usiku tumefika 12.22. pg_upgrade tunaifanyia majaribio kuanzia kesho kwenye nakala, nikikwama nitafungua uzi mwingine.